Mianzi ya Bandarini

Sisi tuliosoma Iringa miaka ya hamsini tulikuwa na chaki ya kugawana na baridi ya kumtosha kila mtu. Tulifika shuleni miguu mitupu, imekufa ganzi kwa umande, na viazi vya moto mfukoni. Kwanza vilipasha vidole joto, kisha vikaliwa.

Ukutani mwalimu alitundika picha aliyopewa na mmisionari. Rangi zilipakwa kana kwamba na mtu mwenye haraka: kijivu juu, kijivu chini, vijiti vimesimama katikati. Mkaguzi alikuwa anakuja, na mwalimu akatutangazia kwamba atakayeieleza vizuri picha ile atapendekezwa kwenda shule ya kati. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Baba alishasema, "Ukikosa, mwanangu, jembe lako liko nyuma ya mlango."

Wenzangu walikariri walichofundishwa: bandari, mashua, milingoti. Bahari yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Mimi niliitazama picha kila mapumziko, na kila mara niliona shamba letu la mianzi wakati wa masika. Ukungu umelala bondeni, mianzi imekatwa vichwa, na mbeta, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, zimefungwa juu yake.

Siku ya mkaguzi ikafika. Nilisimama, nikasema nilichokiona. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akakunja uso. Pombe ya ulanzi, ndani ya shule ya misheni!

"We binti, hiyo ni bandari!"

"Bandari sijaiona, mwalimu. Ukungu naujua."

Mkaguzi akaniuliza, "Mbona hakuna watu?"

"Ni alfajiri. Baba bado hajaja kugema."

Aliigeukia picha, akaitazama kwa muda mrefu bila kucheka. "Huyu ameangalia," akamwambia mwalimu. Shule ya kati nilikwenda, na jembe likabaki nyuma ya mlango.

Wajukuu zangu siku hizi wakikuta picha yoyote wanaielekezea simu, simu inawaambia ni nini, nao wanaondoka hawajaiangalia. Nikiwatania wanasema, "Bibi, umepitwa na wakati." Sawa, nimepitwa.

Mianzi yetu iling'olewa, pakajengwa nyumba za bati. Bahari nimeshaiona, na bandari, na milingoti yake. Lakini nikiikumbuka picha ile, sibadili neno hata leo: ni alfajiri bondeni, ukungu haujainuka, na baba bado hajaja kugema.