Sauti Iliyotangulia Mdomo

Watu huniambia nilikuwa nimechoka. Sawa, nilikuwa nimechoka. Na ndugu yangu Kamau je? Naye aliona. Tena ilikuwa mchana, jua linawaka, kwa hivyo msiniletee habari za usingizi.

Mimi na Kamau tulikuwa na studio ndogo ya kurekodi muziki, mtaa wa Kabiria, Nairobi, miaka ya elfu mbili na kidogo. Yeye alipiga kinanda, mimi nilikaa kwenye kompyuta. Kila sauti, ya mtu au ya kinanda, ilihifadhiwa kwa mstari wake kwenye diski moja ya kompyuta, na mtu akiimba uliiona ikijichora kwenye skrini, mstari wenye vilima. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, hivyo mwimbaji alisikia sauti yake kwenye hedifoni ikichelewa kidogo. Tulishazoea.

Siku hiyo akaingia mama mmoja mwenye sare ya kwaya. Alisema ametoka mtaa wa Jamhuri, anataka kurekodi wimbo wa mazishi. Mazishi ya nani? Akavaa hedifoni tu. Nikaanza kurekodi, na sauti yake ikajaa hedifoni zetu.

"Wewe, si huyu mathe bado hajafungua mdomo?" Kamau akaniuliza.

Amini usiamini, mstari ulikuwa umeshajichora, unamsubiri. Alipoanza kuimba aliufuata kilima kwa kilima. Wimbo ukaisha, mstari ukaendelea. Mama yule akavua hedifoni, akatuaga vizuri, akaenda zake.

Nikacheza kile kilichobaki. Ilikuwa sauti ya mama yetu mzazi, ambaye hajawahi kukanyaga studio ile: "Kamau, amka. Kamau wangu, si uamke." Kamau amekaa hapo kando yangu. Alicheka kidogo.

Nilikikata kipande kile, nikakifuta kabisa. Nilidhani nimemwokoa. Wiki haikuisha, gari likamgonga Kamau kwenye Ngong Road, akafa. Kule mochari mama yetu alilia maneno yaleyale, kwa pumzi zilezile, na mimi nilijua kila neno kabla halijatoka.

Diski ninayo kabatini. Mama huniomba nimchezee rekodi ya kinanda cha Kamau iliyomo humo, maana hana kingine cha kumsikia mwanawe. Nilijaribu mara moja. Mstari wa yule mwimbaji ulikuwa umerefuka tena. Nikauzima, ukajiwasha. Nikasikia neno moja tu, kwa sauti yangu mwenyewe, nikilia: "Mama." Niling'oa waya.

Wewe unayerekodi, siku utakayosikia sauti yako kabla hujafungua mdomo, vua hedifoni uende nyumbani. Usisikilize kilicho mbele. Hakikatiki, nimejaribu. Mimi tangu siku ile sijathubutu kumwita mama yangu "Mama", na yeye anadhani nimemkasirikia.