Sahihi ya Mzimu

Jumanne ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda hadi madirisha ya ofisi ya sekta. Mbele yangu kwenye foleni ya muhuri walisimama watu wawili: mama mmoja aliyekuwa mwandishi wa hadithi za kutisha, na tajiri aliyekodi nyumba kuukuu ufukweni ili watalii waingie kuogopeshwa. Kwa mkataba, mama alikuwa anamruhusu kutumia hadithi yake humo.

Karani akausoma mkataba taratibu. "Mama, hadithi ni mali ya nyumba yenu, inasainiwa na bibi na bwana. Bwana iko wapi?"

"Iko humu," mama akajibu, akigusa kurasa za hadithi kwa kidole. "Ule muzimu ni yeye. Alizama mu ziwa."

Karani akaweka kalamu chini.

"Donc, basi, andika hivi," mama akaendelea. "Muzimu asipige makelele. Bwana yangu hakukuwaka mutu wa makelele. Aulize tu, 'Chai ilisha iva?'"

"Mama, nani ataogopa chai?" tajiri akalalamika.

"Mi nimeogopa," karani akasema, akaandika swali hilo penye sahihi ya bwana, akagonga muhuri.

Watalii watalipa ili watoke mbio. Mimi, ninayekunywa chai peke yangu mwaka wa tatu sasa, nikisikia swali lile nitavuta kiti cha pili.