Dungu Lililonyamaza

Wenzangu tuliokulia milimani juu ya Ziwa Tanganyika, mnakumbuka msimu mahindi yanapoanza kubeba? Darasani alibaki mwalimu na kengele yake. Sisi watoto wote tulikuwa juu ya madungu, vile vichanja vya miti katikati ya shamba, tunafukuza ndege na tumbiri. Unapanda alfajiri umande bado unadondoka, mkononi kombeo la kamba ya mgomba, mawe umeyapanga kando yako kama mayai. Mama anakupa muhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye jani, na ndagala za jana, wale dagaa wa ziwani, na maneno yake yale yale: "Ukilala wewe, na sisi tutalala njaa." Ile harufu ya majani ya mahindi yakianza kupata jua! Nikikutana nayo sokoni hapa Toronto, nasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa, watu wananizunguka na vikapu vyao.

Lakini raha ya dungu ilikuwa kuimbiana. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, na mmoja akianza kumchokoza jirani, jirani lazima ajibu, na jibu liwe jipya. Ukirudia la jana utazomewa hadi jioni. Shamba lililopakana na letu lilikuwa la Mama Furaha, na dunguni alilinda binti yake, Riziki, rafiki yangu mwenye ulimi wa pilipili. Namwanza:

"Wee wa shamba la pili, mbona kimya kinywani?
Ndege wamekaa kitako, wewe umo ndotoni!"

Hapo hapo anarudisha:

"Ndege wangu wana adabu, wameomba ruhusa!
Wako wameona pua yako, wamekimbia kabisa!"

Basi shamba la tatu linadakia, la nne linacheka, wimbo unapanda mlima mpaka husikii tena umefika wapi. Kijana akipita njiani na suruali mpya, maskini, ataimbiwa ile suruali mpaka atamani kuivua. Papa, baba yangu, alikuwa akisema anajua watoto wote wa kijiji waliko bila kuinuka kitandani. Na dungu likinyamaza maana yake ilikuwa moja tu: mtoto amelala. Hapo ndipo tunamwimbia sote kwa pamoja, kumcheka, mpaka mkubwa mmoja asikie na kwenda na fimbo.

Haya yamenirudia kwa sababu ya binti yangu, Neema. Anasoma koleji, na juzi alipewa kazi kuhusu watu wa Mandan, Hidatsa na Arikara, wenyeji wa Mto Missouri, huko chini Marekani. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo yeye anasoma, ananitafsiria, mimi nachambua sombe, majani ya muhogo. Ananionyesha picha: nyumba za mviringo zilizofunikwa udongo, mashimo ya kuhifadhia mahindi ambayo wachimbaji wameyafukua, jembe la mfupa wa bega la nyati. Nikasema sawa, watu wenye akili. Kisha akafungua picha nyingine, nikaacha sombe. Ilikuwa dungu. Dungu kabisa, na ngazi yake! Neema akasoma kwamba wanawake na wasichana wa Hidatsa walikaa juu yake kulinda mahindi, wanayaimbia kama watoto wao, na vijana wakipita wanawatania kwa nyimbo.

"Hata suruali zao?" nikamuuliza.

"Mom, hawakuandika suruali," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Wale watu ndui iliwamaliza wengi, baadaye likajengwa bwawa, mashamba yao yakazama. Lakini kabla ya bwawa walikuja waandishi, wakakaa na bibi waliobaki, wakaandika hadi nyimbo za dungu. Nani alikaa na Mama Furaha? Na kwenye hizo kumbukumbu ndui imefika, bwawa limejengwa, kama vile ndui ina miguu na bwawa lina mikono. Mimi nikisimulia yetu, nataja watu.

Asubuhi yetu ya mwisho dunguni nilimwanza Riziki kama kawaida, hakujibu. Nikaimba tena. Kimya. Shamba la tatu nalo likanyamaza, la nne pia. Sisi tuliobaki upande wa chini tukafurahi, tukajua leo kuna watakaochapwa. Tuliwaimbia kwa kicheko, kwa sauti ya juu kabisa, mpaka tulipoona moshi. Sijilaumu, na watoto wenzangu siwalaumu. Aliyewaleta wale wenye bunduki kwa njia ya nyuma ya mashamba ni Anselmi, mwenye duka la chumvi, aliyekula kwenye harusi zetu zote. Aliyetoa amri ni yule waliyemwita Komanda Radi. Anselmi nasikia siku hizi ana hoteli, anavaa suti kanisani. Na ale. Jina lake nitaliandika kila nitakapopata nafasi.

Neema alikuwa hajawahi kuyasikia. Akainua simu. "Imba, Mama. Nitarekodi, isipotee."

Nikamwambia weka chini hicho kidude. Wimbo wa dungu ukiimba mmoja ni kelele tu. Hauna kitu cha kuhifadhi, jibu linatungwa pale pale, na wa kunijibu sijui tena alipo. Hiyo ndiyo shida yangu, si kusahau. Watoto wa siku hizi nao ndio hao, masikio wameyaziba, unamwita aje kula anakuandikia meseji kutoka chumbani kwake, tena kwa Kiingereza.

Hata hivyo niliimba. Nusu yangu tu, macho kwenye sombe. Nikamaliza, nikachukua kisu. Neema alikuwa amekwenda jikoni, amenipa mgongo, nikadhani anatazama sufuria. Kumbe anatunga.

"Mama, shamba iko wapi? Unafukuza nini sasa?
Njiwa yote imekimbia, sauti yako imetisha kabisa!"

Kiswahili kimepinda kama mguu wa kuku, lakini jibu lilikuwa jipya! Nilicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakujua yakome wapi. Nikamrudishia, naye akanirudishia, sauti zikapanda. Ndipo jirani akagonga ukuta, ngu ngu ngu. Neema akaziba mdomo, akaomba radhi kwa ukuta.

Mimi nikabaki natega sikio, labda ukuta utajibu kitu. Enzi zetu ulimsikia jirani ukajua yu mzima, ukashuka dunguni ukala kwa amani. Siku hizi, huku kwenye maghorofa, jirani mwema ni yule usiyemsikia kabisa, nami kila nikikosa kumsikia, moyo wangu unatafuta moshi.