Presha ya Baba Mkwe

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu nikiikumbuka bado naona aibu. Nilikuwa muuguzi mpya kwenye zahanati huku Kisondela, enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka yakajaa sigara za kila aina. Baba mkwe akaja kupima presha. Kwetu Wanyakyusa, wakati ule, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wala hasemi naye. Nikakimbilia stoo ya dawa, nikajifungia.

Humo nikamsikia Tabibu Anyosisye akimhoji. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu.

"Unavuta sigara?"

"Niliacha zamani."

"Kwenu kuna aliyepooza?"

"Hakuna."

Mzee muongo yule. Wadogo zake wawili walipigwa kiharusi hata mvi hawajaota. Vipande vya sigara zake nilivifagia mwenyewe uani kila asubuhi. Na alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walijaa kufuata utamu, mama mkwe akawa anamcheka. Yote nayajua, nami kimya, eti mkwe mwenye adabu. Akaambiwa apunguze chumvi, akaenda zake.

Kesho yake nikamweleza tabibu kila kitu. Hakunifokea.

"Binti," akasema, "nyumbani wewe ni mkwe wake, hapa ni muuguzi wake. Presha hiyohiyo kwa mtu mwingine ningeipa muda. Kwa huyu mwenye sigara, na ndugu waliopooza, na pengine sukari, inaweza kumwangusha wakati wowote."

Kisha mtu yule, na magoti yake mabovu, akapanda kilima kwa miguu hadi kwetu. Mkojo ukachemshwa na dawa ya bluu, ukageuka rangi ya tofali. Sukari. Baba mkwe akaanza vidonge, sigara akaziacha kwa taabu kubwa, akaishi miaka mingi. Matabibu nimewaona wengi, lakini tabibu yule nilimpenda kuliko wote.

Wiki ileile ya kupimwa mkojo, mama mkwe akaniletea mkungu wa ndizi. "Mzee amejua ni wewe uliyesema," akaniambia. "Anasema ndaga, asante. Na akidanganya tena, mseme."

Basi mwanangu, ukimpeleka mzee wako kupima presha, usiridhike na namba. Mwambie tabibu kama anavuta, kama ana sukari, na nani kwao alipooza. Asiposema yeye, sema wewe, kwa heshima. Mungu akujalie ujasiri huo, na awape wazee wako siku nyingi za kukugombeza.