Povu la Kisima cha Bi Radhiya

Shangazi yangu Bi Radhiya alikuwa mfua kofia, na hakuwa mtu wa kuamini watu. Kofia iliyoshonwa kwa mkono ukiifua kwa maji ya chumvi hukauka ngumu, ikaganda chumvi. Kwa hiyo hapa kijijini Kizingitini, penye visima vingi vya chumvi, riziki yake yote ilikuwa kisima cha maji matamu nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alitia sabuni kwenye bakuli la maji kwanza, aone povu, maana maji ya chumvi hayatoi povu.

Mwaka wa sitini na saba Mwalimu Hudson, mtu wa bara, akapanga nyumba ya jirani, akaanza kuomba vifuu vya nazi. Vifuu, jamani! Akavichoma makaa, akayasaga, akayagandisha kuwa vibao, akaviunga kwa waya na betri. Maji ya chumvi ya kisima cha skuli yakapita kati ya vibao, yakatoka ya kunyweka. Alisema makaa yale yana vitundu vingi, na umeme ukiingia yananasa chumvi.

“Mwongo,” akasema shangazi. “Mai hayo huyateka kwangu.”

Akamshitaki kwa Bwana Muhdhar, mzee wa mtaa. Watu wakakaa kutwa nzima wakiutazama mtambo, wasione wizi. Shangazi akaamriwa amtake Mwalimu radhi. Alimtaka radhi huku akimkazia macho, na mimi niliona haya kuwa mtu wake.

Miezi mitatu baadaye sabuni ikakataa kutoa povu. Shangazi akachungulia uani kwa Mwalimu. Vibao vikishiba chumvi, Mwalimu alikuwa akigeuza waya vikaitema, kisha akivisuuza na kuyamwaga yale maji ya chumvi shimoni, hatua nne tu kutoka kisima chetu.

Akamkimbilia Bwana Muhdhar.

“Bi Radhiya, umeanza tena?” Hata kitini hakuinuka. Nami niliguna, Mungu anisamehe.

Shangazi akarudi nyumbani. Kofia ya Ijumaa ya Bwana Muhdhar ilikuwa kwetu. Akaifua kwa maji ya kisima kile kile, akaikunja kitambaani, akairudisha. Miaka ishirini hakuwa amemharibia mtu kofia.

Ijumaa, kabla ya adhana, Bwana Muhdhar akaja mbio kichwa wazi, kofia mkononi imekakamaa kama gamba la kaa. Alikuwa amefura. Shangazi akampa bakuli la maji ya kisima.

“Onda.”

Akaonja, akatema. Akakaa mlangoni, akasema, “Nisamehe, Bi Radhiya.”

Mwalimu naye karibu alie, maana hakukusudia. Tangu siku hiyo maji ya kusuuzia akayabeba kwa debe hadi baharini, shangazi nyuma yake hatua kwa hatua.

Kisima hakikurudi. Ikabidi shangazi afulie maji ya mtambo, yanayotoka mkononi mwa mtu aliyemwita mwizi. Kila asubuhi alikwenda na ndoo yake, akasalimu, akayapokea. Kisha hapo hapo, mbele ya Mwalimu, akatia sabuni kwanza.