Mkono Uliozoea Mdomo

Mtoto wa marehemu mdogo wangu ana miaka thelathini na tisa, watoto wawili na mume mwenye subira, na yuko chuo kikuu anasomea shahada ya sayansi ya maabara za tiba. Wenzake darasani wangeweza kuwa wanawe. Wanamwita Shangazi. Siku ya kwanza mmoja alimuuliza kama amemletea mtoto wake chakula, naye akamjibu kuwa ndiyo, na mtoto mwenyewe ni wewe, kaa ule. Tangu siku hiyo wanamwachia kiti cha mbele.

Kueleza kwa nini mtu mzima anabeba begi mgongoni, lazima nieleze kwanza kazi yetu ilivyokuwa. Wa kunisikiliza siku hizi hawapo, ndiyo maana naandika.

Nilisimamia maabara ya kituo cha afya kwa miaka thelathini na moja. Shule niliiacha mapema. Nilianza kwa kufagia chumba kile, na mzee aliyenitangulia akanionyesha kazi ya mikono. Yaliyobaki niliyatafuta mwenyewe katika kitabu kisicho na jalada na kamusi ya kuazima, mpaka ikafika daktari haandiki dawa bila kuniuliza nimeona nini. Chumba kilikuwa na dirisha moja, sinki lenye ufa, na hadubini yenye kioo cha kunasia mwanga wa jua. Siku ya mawingu tulisubiri jua, na mgonjwa akasubiri pamoja nasi. Leo mashine inameza tone la damu na kutema karatasi, na kijana aliyeiwasha macho yako kwenye simu. Muulize chembe nyeupe ina sura gani, atakujibu kwamba mashine ni nzima.

Binti huyu alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na minane. Kati ya mambo ya kwanza niliyomfundisha ni kupima kasi ya damu kutulia. Unavuta damu kwenye mrija mrefu wa kioo hadi alama ya sifuri, unausimamisha wima, kisha unangoja saa nzima uone chembe zimeshuka kiasi gani. Sisi tulivuta kwa mdomo, kama mtu anyonyaye soda, ila ulimi unaziba mrija kabla damu haijakufikia. Nilisimama nyuma ya bega lake la kushoto na kusema neno moja tu: vuta. Naye akavuta. Damu ilisimama kwenye sifuri, si juu, si chini. Kituoni wakampa jina la Jicho.

Nilipostaafu waliletewa vipira vya mpira, unavifinya vinavuta damu badala ya mdomo. Jicho alivitumia wakaguzi wakija. Wakiondoka, vipira vilirudi kabatini. Kisha ikaja mashine, na nyuma yake barua: majibu yote yatatiwa sahihi na mwenye shahada. Wakaletewa kijana aliyemaliza chuo juzi. Jicho alisoma slaidi, vile vioo vya damu, kwenye hadubini, kijana akatia sahihi. Alivumilia mwaka mmoja, halafu akaja kuniambia anaomba nafasi chuoni.

"Nimechoka, baba mkubwa," alisema. "Naona mimi, halafu anayesema ameona ni mwingine."

Miaka mitatu alikwenda vizuri kuliko hao waliozaliwa na kompyuta mkononi. Kemia iliyomsumbua aliibandika kwenye ukuta wa jikoni, akaisoma huku anamenya viazi, hadi mwanawe wa kwanza akaijua pia. Umebaki mwaka mmoja tu. Ndipo ukaja mtihani wa vitendo.

Alinisimulia mwenyewe, bila kujitetea. Mezani palikuwa na chupa ya damu, mrija wa kioo na kipira pembeni yake. Mtahini, mwanamume mnene wa sauti ya chini, akaja kusimama nyuma yake na kusema, haya mama, vuta. Mkono ukapanda. Alishtuka mrija ukiwa tayari katikati ya midomo, na mtahini amemshika kiwiko. Kuvuta damu kwa mdomo siku hizi ni marufuku, na kwa kosa hilo hakuna alama za huruma: ameanguka mtihani wote. Atarudia baada ya wiki sita, na akianguka tena anaondolewa chuoni, hakuna kurudi. Miaka mitatu inakuwa moshi, na anarudi kushika slaidi za kijana.

Alikuja kwangu Jumamosi mchana. Kwanza nilimwaga nyongo yangu. Nilisema chuo gani kinamfukuza mtu anayejua kazi na kumpitisha asiyejua. Nikasema mambo mengi mengine. Aliniacha nimalize, kama mtu anayengoja maji ya bomba yatoke safi.

"Una mirija ya zamani kwenye sanduku lako," alisema. "Naitaka. Na wewe mwenyewe nakutaka."

"Mimi wa nini? Samaki hukunjwa akiwa mbichi, mwanangu. Wewe umekauka."

"Samaki mkavu analowekwa, baba mkubwa. Aliyeukunja mkono huu ni wewe. Ukunjue."

Nilitoa sanduku chini ya kitanda. Mirija kumi na miwili, nimeifunga mmoja mmoja kwa gazeti. Mke wangu alikuwa akinicheka kuwa nimezika vioo kwa sanda. Tukaweka meza karibu na dirisha, maji yenye wino mwekundu kwenye glasi, na kipira chake cha chuo. Mimi nilishika kijiko. Kazi yangu: mkono ukipita kidevu, nigonge meza.

Siku ya kwanza nilikaa mbele yake. Alivuta mara arobaini kwa kipira, na sikugonga hata mara moja. Nikamwambia basi, umepona, nenda nyumbani. Yeye akakunja uso. Alisema ni rahisi mno, na darasani pia hakuwahi kukosea. Akafikiri, kisha akaniomba nisimame nyuma yake, kushoto, niseme lile neno.

Nilisimama. Nikasema, "Vuta."

Mkono ukapanda moja kwa moja hadi mdomoni.

Tulitazamana. Kumbe haukuwa mkono tu. Miaka yote ile alijifunza kumtii mtu aliye nyuma ya bega lake, na mtu huyo nilikuwa mimi. Siku hiyo niligonga meza mara thelathini na moja kati ya arobaini nyingine.

Alikuja kila Jumamosi na kila Jumapili, na siku za kazi akitoka chuoni, begi bado mgongoni. Nilimshauri avae barakoa siku ya mtihani. Alikataa, alisema barakoa itaficha mdomo, haitaufundisha mkono. Wiki ya tatu niligonga mara tisa. Wiki ya nne nilichoka, nikaweka kijiko chini na kusema wazi kwamba sioni ubaya wa mdomo, maana mimi nilivuta miaka thelathini na niko hai.

Aliweka mrija mezani taratibu. "Yule mzee aliyekufundisha wewe alikufa kwa nini?"

Nilimwambia anajua. Tumbo lilijaa maji. Watu walisema pombe.

"Alikuwa mnywaji?"

Hakuwa. Hata soda alikuwa hanywi.

"Na wewe, ule mwaka macho yaligeuka manjano miezi mitatu? Tumesoma, baba mkubwa. Inaitwa homa ya ini. Inakaa kwenye damu." Akachukua mrija na kugeuka kuelekea dirishani. "Sema."

Nilichukua kijiko. Jibu nilikuwa nalo tangu mwaka ule, na nilikuwa nimelifunga kwa gazeti pamoja na mirija. Nilisimama nyuma ya bega lake la kushoto nikasema vuta, nikasema tena, mpaka sauti ikakauka, mpaka neno langu mwenyewe likaacha kuinua mkono wake na kuanza kukaza vidole vyake kwenye kipira. Wiki ya sita kijiko kililala mezani siku tatu mfululizo. Siku ya nne bado alikuja.

Siku ya mtihani nilikaa nyumbani. Alirudi alasiri, akavua viatu mlangoni, akaomba maji, akanywa yote. Mtahini alikuwa yule yule, alisema, na alisimama pale pale. Aliposema vuta, mkono ulibaki chini, vidole vikafinya kipira. Amefaulu.

"Hakusema lolote?" nilimuuliza.

"Alitazama damu ilivyosimama kwenye sifuri, na mrija ulivyo wima. Akauliza ni nani aliyenifundisha kushika hivi, maana wanafunzi wake hawajui. Nikamwambia ni baba yangu mkubwa."

Nilifunga mirija yangu kwenye gazeti, mmoja mmoja. Sikumuuliza kama alimwambia pia ni nani aliyemfundisha kuvuta kwa mdomo.