Nilivyocheza dansi ya Waingereza wa kale Kasenga, na mama mkwe akiwa kwenye mstari

Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo nami nina la kwangu. Picha sina, shahidi ninaye mmoja, na yuko chumba cha pili anashona. Nikidanganya atanisuta.

Niko Uvira, mtaa wa Kasenga. Nina miaka arobaini na kitu. Shule niliishia sekondari, na baada ya hapo nimekuwa mtu wa njiani. Kalemie, Kigoma, Lubumbashi, hadi migodi ya Zambia nimefika. Nikikaa mahali miezi sita, nyayo zinaanza kuwasha. Na nikiwa mbali, nakumbuka harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakianikwa ufukweni hadi nakosa usingizi. Nikirudi, wiki mbili tu, naanza kuulizia meli.

Katika hali hiyo nilioa.

Mke wangu anaitwa Furaha, ni fundi cherehani. Nilimuaga naenda Kalemie wiki tatu. Nilirudi baada ya miaka minne. Sina cha kujitetea, wakuu, msinisaidie.

Nilipofika nikakuta amerudi kwa mama yake, hapa hapa Kasenga. Mama huyo, Mama Nabintu, ni mtu wa milima ya Lemera, anashika desturi kisawasawa. Kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Kwa hiyo hata kwenda kumwomba radhi ana kwa ana haikuwezekana.

Nikawa napita kwenye kibanda cha Furaha kila siku, kama mteja asiye na nguo ya kushonwa. Siku ya tisa akainua uso kutoka kwenye mashine.

"Minye sitaki tena maneno," akasema. "Weye hujamaliza hata kitu kimoja mu maisha yako. Jumamosi iko bal ya club ya Kiingereza. Kuja ucheze na minye. Dansi ni tatu. Ukizimaliza zote bila kutoka mu mustari, tutaongea."

"Na nikitoka?"

"Utaendelea na safari yako."

Sasa niwaeleze hiyo bal, yaani sherehe ya dansi.

Kuna mwalimu wa Kiingereza anaitwa Mwalimu Riziki. Aliishi Nairobi miaka mingi, na huko alijiunga na kikundi cha watu wanaovaa kama Waingereza wa miaka mia mbili iliyopita na kucheza dansi zao za shambani. Aliporudi, akaona club yake ifunge mwaka kwa dansi hiyo. Watu walicheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili wakaanza kuulizia vipimo vya nguo.

Magauni alishona Furaha. Kiuno kinakaa juu, chini ya kifua, halafu nguo inashuka wima hadi miguuni. Kitambaa kilikuwa mashuka meupe na mapazia ya nailoni. Sisi wanaume tulivaa makoti ya mitumba yaliyokatwa mbele na kuachwa mkia nyuma, suruali imeishia magotini, na soksi ndefu za mpira wa miguu. Zangu zilikuwa na mistari ya kijani. Nilipojitazama kwenye kioo nilimkumbuka marehemu baba, sijui kwa nini. Labda kwa sababu naye alipenda kuvaa koti hata jua likiwaka.

Na glavu nyeupe. Mwalimu Riziki alikuwa mkali hapo. Bila glavu huchezi.

Mzee Amisi, muuza vitambaa sokoni, mtu wa msikitini, alikubali kucheza kwa sababu ya hizo glavu. Alituambia kwenye mazoezi, "Hapa mkono wangu haugusi mkono wa muke wa muntu. Kitambaa kinagusa kitambaa, na vitambaa ni kazi yangu."

Tulicheka, tukasahau.

Wanawake walifanyia mazoezi uani kwa Mama Nabintu, sisi shuleni, nami nilishukuru kwa zile siku chache nilizowahi, kwa sababu pale uani nisingeweza kuingia. Muziki ulikuwa wa fidla, unatoka kwenye simu hadi kwenye spika.

Dansi yenyewe iko hivi. Wanaume wanasimama mstari mmoja, wanawake mstari mwingine, mnatazamana. Wewe na mwenzako mnacheza na jozi iliyo chini yenu: unampa mkono mama wa jozi ile, mnazunguka mara moja, mnaachana. Kisha mnashuka hatua moja, mnakutana na jozi nyingine. Hivyo hivyo hadi chini kabisa. Mwalimu alisema uzuri wake ni kwamba ukifika mwisho umeshika mkono wa kila mtu.

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Sikuyafikiria.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa parokia ulijaa. Milango iko wazi, upepo wa ziwa unaingia. Akina mama wamekaa kwenye viti pembeni, Mama Nabintu katikati yao na pagne yake ya bluu, kitenge cha kujifunga. Nikageuza macho kama inavyotakiwa.

Dansi ya kwanza nilikosea mara mbili. Furaha alinivuta mkia wa koti. Dansi ya pili sikukosea. Nilimwona anakaribia kucheka, akajizuia.

Joto likawa kali. Mapumziko nikavua glavu ili nishike chupa ya Fanta, nikazichomeka ndani ya soksi.

Hapo ndipo muuguzi aliyekuwa anacheza na Mzee Amisi akaitwa kazini. Pikipiki ikamchukua na gauni lake. Mstari ukabaki na pengo, na Mwalimu Riziki hataki pengo. Akageukia viti.

"Mama Nabintu, weye umeona mazoezi yote kwako. Hatua unazijua."

"Minye na hii pagne?"

"Pagne iko sawa. Chukua glavu za muuguzi."

Wakamshangilia. Akasimama, akavaa glavu pole pole, kidole kimoja kimoja, akaenda kusimama mbele ya Mzee Amisi, jozi ya tano kutoka kwetu. Muziki ukaanza.

Wakuu, nilihesabu. Jozi nne, halafu yeye.

Nikacheza na jozi ya kwanza. Furaha amekauka uso, najua naye amehesabu. Jozi ya pili. Mlango uko upande wangu wa kushoto, wazi, na nje naona maji. Nikitoka, desturi imelindwa, hakuna atakayenilaumu, ila Furaha nimempoteza. Nikibaki, nimemshika mkono mama mkwe mbele ya mtaa mzima.

Jozi ya tatu. Miguu yangu inajua kutoka, haijawahi kuhitaji sababu nzuri kama hii.

Jozi ya nne. Tukashuka hatua moja.

Nikasimama mbele yake nikitazama sakafu. Mikono yangu mitupu. Yeye akarudisha mkono wake kifuani. Mstari mzima ukasimama, fidla inaendelea peke yake.

"Nini iko?" Mwalimu akauliza.

"Ni mukwe wake," Mzee Amisi akajibu.

Sikutoka, wakuu. Sikujua la kufanya, lakini sikutoka.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Nabintu, ametazama ukuta:

"Furaha, ambia muntu wako avae glavu."

"Mama anasema uvae glavu," Furaha akasema, kana kwamba niko ng'ambo ya ziwa.

Nikainama. Moja ikatoka upesi, ya pili ilikuwa imeshuka hadi kisiginoni, nikavua kiatu mbele ya watu. Mzee Amisi akasema taratibu, "Haraka ya nini, meli haijapiga honi." Watu wakacheka, hata mimi.

Nikavaa. Nikanyoosha mkono. Akauchukua. Kitambaa kwa kitambaa. Tukazunguka, mimi natazama bega lake, yeye anatazama dirisha.

"Furaha, muulize anasafiri lini."

"Mama anauliza unasafiri lini."

"Mwambie sisafiri."

"Mama, anasema hasafiri."

"Tutaona," akasema, akaniachia. Tukashuka hatua moja, kwenye jozi nyingine.

Niliimaliza ile dansi. Chini kabisa ya mstari Furaha aliinama kama walivyofundishwa, nami nikainama.

"Umemaliza," akasema.

"Nimemaliza."

"Kuja kwa mama kesho, nyuma ya misa kwisha. Upitie mulango wa mbele."

Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Tumepanga vyumba viwili. Nyayo zinawasha bado, sitawadanganya. Jioni nikisikia honi ya meli natoka nje, nasimama mpaka inyamaze, kisha narudi ndani.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani desturi ndiyo iliyonizuia kuomba radhi, kumbe ilikuwa na njia yake, na Mama Nabintu aliijua siku zote. Alikuwa anangoja mtu wa kusimama.

Mwalimu Riziki alikusanya glavu zote wiki ile. Zangu nilirudisha. Za Mama Nabintu hazijarudi hadi leo. Alipoulizwa alisema bado anazitumia, na mwaka mpya, mbele ya kanisa, alizitoa kwenye mkoba, akazivaa, akaninyooshea mkono huku akitazama upande wa mlima.

Mimi sikuwa na zangu. Furaha ananishonea sasa hivi, ndiyo hiyo mashine ninayoisikia nikiandika.

Kwenu mkwe anasalimiwaje? Na kama kuna mtu humu amewahi kucheza dansi za namna hii, aniambie soksi alivaa za rangi gani.